Hamu ya Kuunga Gari Imekutoka? Chukua Ile Nyepesi



Leo tunazungumza na wale wenye boksi chini ya kitanda. Si boksi la viatu. Ni lile lenye picha ya gari nzuri juu yake, na ndani yake vipande vya plastiki zaidi ya mia, baadhi vimekatwa, vingine bado, na kijitabu cha maelekezo kimekunjwa kwenye ukurasa wa nne.

Wanawake wenye mapenzi ya gari za kuunga si wengi visiwani kwetu, lakini wapo. Yuko aliyejifunza kwa kaka yake, yuko aliyezipendea masomoni nje, na yuko aliyeletewa zawadi na mchumba aliyejua kwamba huyu mtoto wa watu mikono yake haikai bure. Kwa asiyezijua, ni gari ndogo ya plastiki, mfano wa gari ya kweli, inayouzwa vipande vipande. Wewe ndiye unayekata, unayesugua, unayepaka rangi na kuunga, mpaka isimame kwa magurudumu yake.

Kisha inakuja harusi. Miezi ya kwenda na kurudi kwa fundi cherehani, singo, hina, vyombo, orodha ya waalikwa ambayo kila siku mama anaongeza majina. Baada ya harusi ni nyumba mpya, jiko jipya, wakwe wapya, na kazi inakungoja kama kawaida. Siku moja unalivuta boksi lako, unalifungua, unatazama, unalifunga. Wiki ijayo hivyo hivyo. Mwisho hulivuti tena, na ukiulizwa unasema: "Aa, mimi mambo yale nishayaacha."

Rai yetu ni hii: mara nyingi hujaacha. Umeshindwa na boksi lile, si na kazi yenyewe. Na dawa yake si kujilazimisha kulimaliza. Dawa ni kuliweka pembeni bila ya haya, ukachukua gari nyepesi, yenye vipande vinavyokaana vizuri, ukaimaliza. Ukishaimaliza moja, hamu hurudi yenyewe.

Kwa nini gari ngumu huua hamu

Tuseme ukweli kuhusu gari hizi. Nyingine zina vipande 150 na zaidi. Zina injini yenye waya na mabomba yake, milango ya kufunguka, taa zilizo ndogo kama punje za mchele. Kwa mtu mwenye usiku mzima wa utulivu na meza isiyoguswa, hiyo ni raha. Kwa bi harusi wa miezi mitatu mwenye dakika 20 baada ya Isha, ni adhabu. Unakata vipande vitatu, unatafuta cha nne, kishaanguka chini ya zulia, muda umekwisha.

Lakini wingi wa vipande si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni vipande visivyokaana. Unaweka bodi juu ya chasi, upande mmoja umekaa, upande wa pili umenyanyuka. Unaweka kioo, kinacheza. Hapo inabidi upige puti kama mafundi wa kunyoosha bodi garaji, usubiri ikauke, usugue kwa msasa, upige tena. Siku nne zinapita na gari iko vile vile. Binadamu hachoki kwa kufanya kazi tu. Huchoka zaidi anapofanya kazi na asione alipofika.

Sababu ya vipande kukaana au kutokaana ni ya kiwandani. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikatoka na umbo lake ikiwa imeshikana kwenye fremu. Kalibu ikiwa imechongwa kwa ufundi na bado iko imara, vipande hutoka safi. Kalibu ikiwa ya zamani na imeshatumika sana, plastiki hupenya pembeni na kuacha vijinyama vyembamba ambavyo ni juu yako kuvikata kimoja kimoja. Kampuni ya Marekani ya AMT, kwa mfano, ilianza mwaka 1958 kuuza gari ambazo boksi moja ungeweza kulijenga kwa namna 3 tofauti, na wengi walizipenda. Gari zilizobuniwa miaka ya 1960 bado zinatolewa upya mpaka leo, zikiwa na boksi jipya linalong'aa. Picha ya nje haitakwambia kuwa kazi ya ndani ni ya zama za bibi zetu. Mjuzi aliyekaa miaka mingi na kazi hii huzipenda kwa sababu ya historia yake. Wewe unayetafuta kurudi, ziache kwanza.

Wanaosema "rahisi ni ya watoto"

Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi. Ukimwambia mtu achukue gari ya kubana kwa mkono, isiyo gundi wala rangi, anaona umemvunjia heshima. "Mimi nilishajenga gari za mbio na injini zake zote, leo nikaunge ya watoto wa skuli?"

Hebu tutazame kazi tunazozijua sote. Mwanamke aliyekaa miaka miwili hajashika sindano, akitaka kurudi kwenye kushona kofia, mwenye akili hamwanzishii kofia ya viua vidogo vidogo vya kumchukua miezi. Atampa kipande apashe vidole moto. Mpiga piko aliyetoka uzazi harudi siku ya kwanza kwa bi harusi wa mikono na miguu mpaka magotini. Atawapamba kwanza wadogo zake pale nyumbani. Hakuna anayewaambia wameshuka daraja. Mkono uliopoa unahitaji kupashwa, na kila mwenye kazi ya mkono analijua hilo.

Isitoshe, wepesi huu si wa kuhadaa. Gari inayokaana vizuri haikufundishi uvivu. Inakurudishia mambo mawili uliyoyapoteza: mazoea ya kukaa mezani, na ule utamu wa kusema "imekwisha". Gari ngumu inahitaji vyote viwili kabla hujaianza. Ndiyo maana tunasema anayeruka moja kwa moja kwenye ngumu hajaonesha ushujaa. Amejiongezea boksi la pili chini ya kitanda.

Sote tumefundishwa kwamba amali zinazopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Mafunzo hayo ni ya ibada, na hatutaki kuyashusha hadi kwenye plastiki. Lakini anayeishi nayo huona yanavyomsaidia kila mahali, jikoni, kazini na mezani kwake. Kidogo kinachoendelea kina faida kuliko kikubwa kilichokatikia njiani.

Namna ya kuichagua

Tunajua wengi hatuna duka la vitu hivi jirani, na mara nyingi ni kumwagiza ndugu aliyeko Dubai, Maskati au Uingereza. Kwa hiyo chagua kwa makini kabla hujamsumbua mtu, maana akishapanda ndege hakuna kurudisha.

Kwanza, tazama kama ni ya kubana au ya gundi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1939, ina safu yake ya Quick Build iliyotoka mwaka 2013. Vipande vyake hubanana kwa kubonyeza tu, plastiki yake tayari ina rangi, na alama zake ni stika. Aoshima ya Japani nayo ina gari ndogo za kubana za kipimo cha 1/32, mojawapo ikiwa Suzuki Jimny, gari ambayo haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa visiwani. Jimny hiyo ikimalizika ina urefu wa takriban sentimita 10 na nusu. Inakaa kiganjani. Mwenye dakika zake 20 ataimaliza kwa siku chache.

Pili, ukitaka ya gundi, tafuta jina lenye sifa ya kukaana. Hapo tunaitaja Tamiya bila ya kusita. Ni kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye mifano ya mbao, kisha mwaka 1960 ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki. Mkoa huo wa Shizuoka ndiyo makao ya kampuni nyingi za kazi hii, Aoshima ikiwemo. Sifa ya Tamiya kwa wajenzi wa dunia nzima ni kwamba kipande kinaingia pale kinapoambiwa kiingie. Chagua gari ndogo yenye umbo la kupendeza: Fiat 500, Mini Cooper ya zamani, au Volkswagen ile yenye mgongo wa duara. Zote wanazo kwa kipimo cha 1/24. Maana ya kipimo hicho ni kuwa gari ya kweli imepunguzwa mara 24. Fiat 500 ambayo kwa kweli haifiki mita 3 inakuwa kama sentimita 12 mezani kwako.

Tatu, soma boksi kama unavyosoma kifurushi cha chakula. Revell huandika daraja la ugumu kwa namba, kuanzia 1 kwenda juu hadi 5. Chukua 1 au 2. Tafuta pia idadi ya vipande. Kwa anayerudi, chini ya 100 inatosha sana. Bodi iwe kipande kimoja, si paa mbali na ubavu mbali. Boneti ikiwa imefungwa na injini haipo, usione umepunjwa. Umepunguziwa wiki mbili za kazi ambayo hakuna mgeni atakayeinama kuitazama. Ikiwa ndani mna vipande vya bati jembamba kama karatasi vya kukata na kukunja, liache boksi hilo kwa siku nyingine.

Nne, kabla ya gundi, jaribu. Kata vipande viwili, visugue, vishikanishe kwa mkono utazame vinavyokaa. Ukizoea hivyo, utajua mapema kama gari uliyoichagua itakusumbua.

Vyombo unavyo tayari

Jambo linalotufurahisha ni kwamba mwanamke anaianza kazi hii akiwa na nusu ya vifaa. Kile kibanio cha nyusi ndicho kinachoshika taa ndogo. Tupa ya kucha ndiyo inayosugua sehemu iliyokatwa kwenye fremu. Kikatio cha kucha kinaweza kukata vipande vyepesi mpaka utakapopata mkasi wake maalumu. Na mkono uliozoea kuvuta mstari wa wanja bila kutetemeka, huo hauuzwi dukani.

Ila tahadhari na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Yenye asetoni huyeyusha plastiki ya gari hizi. Tone moja juu ya bodi na uso wa gari umeharibika, haurudi.

Na rangi ya kupuliza, ukifika huko, iheshimu hali ya hewa yetu. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na rangi za aina ya lakka zikipulizwa siku kama hizo huweza kushika ukungu mweupe juu yake. Ngojea siku kavu. Au, kwa gari hii ya kurudia, chukua yenye plastiki iliyokwishatiwa rangi, na suala likaisha.

Mambo mengine mawili ni ya wanawake khasa, na vijitabu vya maelekezo havitayasema. La kwanza ni gundi na rangi kukauka juu ya ngozi na kucha. Vinafanya tabaka linalozuia maji ya udhu. Vaa glavu nyepesi, au panga kazi yako baada ya Isha upate nafasi ya kusafisha mikono bila ya haraka. La pili ni mvuke wake. Mwenye mimba, na hata mwenye kutarajia, asikae chumba kilichofungwa na gundi na rangi za makopo. Hii ni sababu nyingine ya sisi kuzipigia debe zile za kubana: hazina harufu yoyote, unaweza kuzifanyia kitandani ukiwa umeinua miguu.

Je, ni mchezo? Je, ni israfu?

Maswali haya huulizwa na mama wakwe, na wana haki ya kuuliza. Tuyajibu kwa adabu.

Kuhusu sanamu: gari haina roho. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, Allah amridhie, kwamba alimshauri mtengenezaji wa picha ashike miti na vitu visivyo na roho. Baadhi ya maboksi huja na mtu mdogo wa plastiki wa kukaa kwenye usukani. Mwache kwenye fremu yake. Gari inasimama bila ya yeye.

Kuhusu pesa: hapo tunakubaliana na mama mkwe kwa sehemu kubwa. Ubaya wa mapenzi haya si gari moja, ni maboksi kumi yasiyofunguliwa. Mtu hamu ikimtoka hukimbilia kununua, akidhani boksi jipya litamrudishia moyo. Linamrudishia kwa siku mbili. Basi ijengeni kanuni nyumbani: boksi jipya haliingii mpaka lililopo limalizike au litolewe. Lile gumu lililokushinda, ukiona baada ya gari mbili tatu bado hulitaki, mpe kijana wa jirani mwenye subira nalo. Si dhambi wala aibu, na nafasi chini ya kitanda inarudi.

Na kuhusu mchezo: mume wako ana mpira wake, baraza yake, simu yake. Hatumlaumu. Lakini mke naye ni mtu. Tumeona wadada wengi wakiingia kwenye ndoa na kazi zao za mikono, baada ya mwaka hawana hata moja, na hakuna aliyewakataza. Ziliwatoka tu, moja moja, kwa sababu kila walipojaribu kurudi walianzia pale pagumu walipoachia. Mwanamke aliyebaki na kitu chake kidogo cha halali cha kumtuliza moyo huwa na subira zaidi na wa nyumbani mwake. Akikosa, uchovu hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye maneno.

Kwa hiyo tunawaomba pia waume na wachumba wanaosoma kwa mabega ya wake zao: mkitaka kumfurahisha, msinunue boksi kubwa kuliko yote dukani. Mnamnunulia deni. Mletee ndogo, nzuri, ya kumalizika. Mkitaka kheri zaidi, mshikie taa anapotafuta kipande chini ya zulia.

Anza hivi

Usiku wa leo litoe boksi la zamani chini ya kitanda, lifunge kwa utepe, liweke juu ya kabati. Usilitupe wala usiliombee msamaha. Kisha tengeneza sehemu: sinia moja ya chakula inatosha, kwa kuwa ina ukingo wa kuzuia vipande visianguke, na wageni wakibisha hodi unaibeba yote kwa mara moja. Gari yako nyepesi ikifika, usiifungue siku ya pilikapilika. Fungua siku yenye utulivu, hesabu vipande, soma kijitabu mpaka mwisho, ulale. Kesho yake ukate vya kwanza.

Kila ukikaa, maliza hatua moja ya kijitabu, usiingie ya pili hata kama moyo unataka. Ukiinuka na moyo bado unataka, kesho utarudi bila ya kusukumwa. Na siku ile unapobonyeza bodi juu ya chasi, ikaingia kwa ule mlio mdogo wa "tak", utatuelewa tulichokuwa tukikisema kuhusu vipande vinavyokaana.

Mwenyezi Mungu atie baraka kwenye mikono yenu na nyumba zenu, na awape mabi harusi wetu wapya utulivu na mapenzi. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.